Siku Tuliyoombeshwa Salgaa

Kijana wangu alinipigia simu saa ile madereva wa asubuhi wamekula wakaondoka na wa mchana hawajaingia. Hiyo peke yake ilinitia wasiwasi, kwa sababu yeye hupiga Jumapili. Ni mwanajeshi. Namuita baba, maana amechukua jina la baba yangu mzazi, na simuiti jina lingine isipokuwa amenikosea.

"Sasa mathe."

"Poa, baba. Umefanya nini?"

"Ai! Kwani lazima niwe nimefanya kitu?"

Ndiyo, lazima. Sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi. Basi akanieleza. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba itapeleka msaada wa kijeshi kwa nchi moja rafiki iliyokuwa vitani: magari ya vita, risasi, na wanajeshi wa kwenda navyo. Hiyo nchi sitaitaja hapa, watu wake hawajanikosea. Katika kikosi chao walikuwa wameambiwa kwamba mwenye sababu ya nyumbani ya kutokwenda aiseme mapema, hakuna atakayemlazimisha. Na yeye sababu anayo, kubwa kuliko ya wenzake wote. Ndiye mtoto wa pekee niliyejaliwa.

"Nimewaambia wangoje niongee na mathe," akasema. "Ukisema hapana, siendi. Hivyo tu."

Nikafungua mdomo niseme hapana.

"Zii, usinijibu saa hii," akanikata haraka. "Ongea na mzee kwanza. Fikiria vizuri. Mimi nitangoja."

Nikaona ni heshima. Nilirudi kwenye meko nikigeuza chapati, nikimshukuru Mungu kwa mtoto mkubwa mwenye bunduki ambaye bado anamuuliza mama yake. Mimi, ambaye hushuku kila mtu, hapo sikushuku kitu.

Na kushuku ndiyo kazi inayonilisha. Hoteli yangu iko Salgaa, upande wa malori yanayopanda kwenda Eldoret, na wateja wangu ni watu ambao leo wako hapa na kesho wako nchi nyingine. Dereva akiisifu chai kabla hajaionja, najua kuna kitu anataka. Mtu mgeni akianza kuniita mathe, mathe, kila neno mathe, naitoa simu mezani naiweka mfukoni. Mzee wangu husema kwamba ningefaa kuwa polisi. Mimi humwambia angekuwa ndani kitambo.

Siku hizo hakukuwa na mazungumzo mengine pale hotelini. Mpira ulisahaulika. Kulikuwa na dereva mmoja mnene, wa trela za mafuta, ambaye kila akiketi benchi linalia. Huyo alikuwa anataka tupeleke msaada, tena haraka.

"Rafiki ni wa nini sasa?" akasema, maharagwe mdomoni. "Hawa watu wametufaa. Tulipokuwa na shida walisimama na sisi."

"Shida gani?" nikamuuliza nikimwongezea chai.

"Si ile."

"Ile gani?"

"Mathe, wacha nile."

Mwenzake, mwembamba mwenye ndevu, wa kubeba mahindi, alikuwa upande wangu, ingawa na yeye simwamini sana kwa sababu hupenda kukubaliana na mwenye sufuria. Huyu alisema hospitali yetu ukienda kujifungua unaambiwa uje na glavu zako, halafu tunasikia tuna magari ya vita ya kugawa. "Kuna kitu watu wamepewa," akasema, akipunguza sauti kabisa, na meza nzima ikainama kumsikiliza. "Hakuna mtu hutoa mtoto wa mwenyewe bure. Kuna kitu."

"Na wakishinda hao maadui, wataishia huko?" mnene akauliza. "Watakuja mpaka hapa Salgaa, wakule chapati ya mathe."

"Waje. Watapanga laini," nikamwambia.

Watu walicheka. Juma hilo hilo malori ya turubai yalipita yakipanda, yamefuatana, taa zimewashwa mchana peupe, na askari wamekaa mbele na dereva. Mmoja akasema ni silaha. Mwingine akasema wacheni kupiga domo, hiyo ni mbolea ya serikali. Mimi nikajiuliza ni mbolea gani hiyo inayolindwa na bunduki. Niliyaangalia yakipita mpaka la mwisho, na kila turubai nililiona kama limemfunika kijana wangu.

Jumapili, nilipotoka kanisa la Salgaa nikaenda nyumbani, nikamwambia mzee. Nyumbani kwetu ni upande wa Njoro, kwenye kipande cha shamba lililokuwa la mzungu, ambalo wazazi wa mzee walinunua pamoja na wenzao. Yeye aliendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano mpaka mgongo ukamkataa, na sasa ana ng'ombe wake na redio yake, na sijui kati ya hivyo viwili anasikiza kipi zaidi. Alikuwa anakata nepia, majani ya ng'ombe wake. Nilitarajia atatupa panga chini aseme hapana kabla yangu. Hakutupa.

"Ule mwaka wa vurugu," akaniambia, "walipokuja kuchoma hapa, tulipiga nduru. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nani alikuja?"

Walikuja watu wa bonde la pili, tena si wa kabila letu, wakasimama barabarani na sisi mpaka asubuhi. Mmoja wao bado huchechemea. Kwetu hiyo ndiyo sheria ya kwanza ambayo mtoto hufundishwa: ukisikia nduru, huulizi ni ya nani. Unatoka na chochote ulichoshika.

"Basi," mzee akasema. "Na hao wa huko wamepiga nduru. Sisi tuliokolewa na watu ambao hawakuuliza maswali."

"Wewe usinichanganye!" nikamfokea, kwa sababu maneno yake yalikuwa yamenipata. "Nduru ya jirani naisikia kwa masikio yangu. Najua ni sauti ya mama fulani, najua boma, najua hata mbwa wao. Hii ya huko nimeletewa na watu wenye suti. Nitajuaje ni nduru? Nitajuaje si mtu anataka tu tutoke nyumbani?"

"Kwa hivyo hakuna mtu wa mbali anaweza kuwa na shida ya kweli?"

"Anaweza. Lakini mimi nina mmoja."

Mzee aliendelea kukata nepia, na baadaye akasema tu kwamba uamuzi ni wangu, kwa sababu kijana ameniuliza mimi. Hilo nalo lilinikasirisha. Alikuwa ananiachia mzigo akijifanya ananiheshimu.

Ningempigia kijana siku hiyo niseme hapana, mambo yangekwisha. Lakini pale Salgaa chifu alikuwa ametangaza kwamba wakubwa watakuja kutoka Nairobi kuchukua maoni ya wananchi kuhusu huo msaada, na mimi nikawaza: kwa nini niseme hapana kwa simu, ya mtoto mmoja, wakati naweza kusimama nikaisema mbele yao, ya watoto wote? Nilimwandikia kijana ujumbe kwamba nitatoa jibu langu kwenye mkutano, asikilize. Akajibu, "Sawa mathe, nitaangalia."

Mkutano ulikuwa ufanyike uwanjani. Asubuhi mvua ikanyesha, ile ya Salgaa inayoshuka na baridi yake, na chifu akasema tuingie kanisani kwetu. Hakuna aliyeona ubaya. Tuliingia na kila mtu akaketi pale anapoketi Jumapili, bila kufikiria. Wale wageni waliketi mbele, kwenye viti vya wazee wa kanisa. Kulikuwa na mkubwa mmoja mwenye sauti nzuri sana, ya kubembeleza, na kijana wa kamera aliyevaa koti lenye mifuko mingi. Mkubwa alitusalimia kwa salamu ya kikanisa. "Bwana asifiwe!" Tukaitikia paa likatikisika. Jirani yangu, mama wa mboga ambaye kibanda chake kinaegemea hoteli yangu, akaninong'oneza, "Huyu ameokoka." Nikamwambia tutaona.

Aliongea. Akasema rafiki yetu amevamiwa, akasema heshima ya nchi, akasema vijana wetu watarudi na ujuzi. Halafu akakaribisha maswali, na mama wa mboga akasimama akauliza swali ambalo lilinifanya nimpende upya: "Mheshimiwa, na wako ataenda?"

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Mkubwa naye akacheka, tena akacheka vizuri, akasema watoto wote wa taifa ni wake. Hilo halikuwa jibu. Nikanyoosha kidole. Akaniona, akasema, "Mama, utapata nafasi yako, usijali." Maneno yangu niliyajua kwa kichwa. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nikikanda unga: kwamba mimi ni mama wa mwanajeshi, kwamba mwanangu ni mmoja, na kwamba siwezi kumtoa kwa vita ambavyo hata anayevitangaza hawezi kunieleza vinaishia wapi.

Wazee wawili wakaongea, kila mmoja akamaliza na habari za barabara ya kwao. Mkubwa akatazama saa. Akasimama, akasema mvua inaharibu njia na wana safari ndefu, lakini kabla hatujaendelea ni vizuri tuwakumbuke vijana wetu mbele za Mungu, hasa kwa kuwa tuko nyumbani mwake. Sauti yake ikashuka.

"Kama wewe ni mzazi, na unataka Mungu awafunike vijana wetu huko wanakokwenda, hebu simama. Inua mikono yako yote miwili. Fumba macho. Mwambie Mungu."

Sasa niambie, ni mama gani angebaki ameketi? Kwetu ukiambiwa uinue mikono kanisani, mikono haikuulizi. Inakwenda yenyewe. Nilisimama, nikafumba macho, nikamlilia Mungu kwa ajili ya mtoto wangu. Machozi yalinitoka. Nilimwambia Mungu asimpeleke, na kama ataenda asimwache, maneno yakipandana, na watu kushoto na kulia wakiomba kwa sauti. Katikati ya hayo nilisikia kamera ikilia tk, tk, tk. Nikafikiri ni matone ya paa.

Tuliposema amina na nikafungua macho, viti vya mbele vilikuwa vitupu. Kipaza sauti kilikuwa kimeshakunjwa waya. Nikatoka mbio kwenye matope nikiita, "Mheshimiwa! Nafasi yangu!" Gari lilikuwa linapanda lami.

Kesho yake, kabla chai haijachemka, mama wa mboga akaja na simu yake ameishika kwa mikono miwili. "Umejiona?" akauliza. Nikajiona. Mimi hapo mbele, kilemba changu cha samawati, mikono juu, mdomo wazi, uso umelowa. Nyuma yangu kanisa lote, mikono juu. Chini ya picha wale watu wa Nairobi wameandika kwamba wakazi wa Salgaa wamekubali kwa kauli moja wanajeshi wapelekwe, na kwamba wazazi wengine walishindwa kuzuia machozi ya furaha.

Machozi ya furaha! Woi. Nilikaa juu ya debe la maji, nikatukana, na mimi si mtu wa kutukana. Tangu wakoloni waondoke sijui kama kuna aliyetuchezea hivyo. Watu wa mahali pengine wangeambiwa wapige kura wangeangalia mkono wao unakwenda wapi. Sisi ilitosha kutuambia tuombe.

Nilienda kwa pasta. Nilimkuta anapanguza viti vya plastiki, vipya, ambavyo Jumapili iliyotangulia havikuwepo. Nikamuuliza vimetoka wapi. Akasema ni msamaria mwema. Nikamuuliza huyo msamaria anakaa Nairobi? "Mama, maombi ni maombi," akanijibu, bila kuniangalia. "Mungu anajua moyo wako." Nikamwambia Mungu anajua, lakini wanaosoma hawajui. Sisemi pasta alijua. Niliuliza tu viti vimetoka wapi, na mpaka leo naketi kwa benchi la mbao.

Kijana nilimpigia asubuhi hiyo, simu imezimwa. Mchana, imezimwa. Nikamwandikia: usiamini hiyo picha, nilikuwa naomba, jibu langu bado sijakupa. Ujumbe ukakaa hapo bila kusomwa. Siku kadhaa nilipika chakula kikiungua. Dereva mnene, Mungu amsamehe, aliingia akinipigia makofi: "Mathe wa taifa!" Nikamnyima nyama, nikampa mchuzi mtupu, na akala akinyamaza kwa sababu alimwona mwembamba akimkonyeza kwamba wacha.

Halafu, alasiri moja hoteli ikiwa tupu, nikasikia "Sasa mathe" mlangoni. Alikuwa ameshika begi la kijani. Gari la wenzake lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, chini ya mikaratusi, na alikuwa amepewa muda wa kuaga tu. Nyumbani Njoro alikuwa ameshapitia, ameshaombewa na baba yake. Nilimkumbatia nikasikia harufu ya sabuni ya kambi. Nikampakulia chapati na maharagwe, nikaketi mbele yake. Nilikuwa na maneno mengi sana: ya mheshimiwa, ya kamera, ya viti. Nilitaka kumwambia tumedanganywa sote wawili, mimi na yeye, na kwamba hajachelewa, anaweza kwenda kwa afande wake akaeleza.

Yeye akanitangulia. "Asante kwa kunikubalia, mathe. Ile picha nimewaonyesha wote."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Alikuwa anaiangalia chapati, anaikata vipande vidogo vidogo, na huyu ni mtu aliyezoea kuikunja aile mara moja. Mimi naujua uso wa mtu anayeficha kitu mezani kwangu. Moyo ukaniambia, ngoja.

"Baba," nikasema, "umekulia kwa mgongo wangu katika lile kanisa. Mimi huomba vipi?"

"Kwani vipi?"

"Nijibu."

"Unainua mikono," akasema polepole. "Unalia."

"Basi ulipoiona hiyo picha, ulidhani nafanya nini?"

Lori lilipita, vikombe vikatetemeka, likaenda. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Nilijua unaomba, mathe."

"Na ujumbe wangu?"

"Niliusoma juu ya skrini tu, ulipoingia. Sikuufungua." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Nilikuwa nimeshasema naenda. Hata kabla sijakupigia. Nilitaka kwenda, mathe. Nimefunzwa miaka hii yote, na huko kuna watu wanakufa wakiita. Nilitaka tu nisiwe mtu amekataa neno la mama yake. Ndiyo maana sikukuacha ujibu. Na hiyo picha ilipotokea..."

Nilikuwa nimemshuku dereva, nikamshuku pasta, nikaishuku serikali na nchi nzima ya watu ambao sijawahi kuwaona. Huyu, aliyenidanganya kwa sauti tamu siku ya kwanza, nilimgeuzia chapati nikimshukuru Mungu. Iliniuma mpaka nikashika meza. Ningeweza kumpiga kofi, mwanajeshi vile alivyo. Ningeweza pia kumbembeleza, nikamwambia haya, nenda na baraka zangu, nimekubali, akaondoka mwepesi na tukabaki na uongo wetu, yeye na mimi, kama watu wenye amani. Ndicho alichokuwa amekuja kutafuta.

"Angalia hapa," nikamwambia.

Akainua macho. Yalikuwa yamejaa maji.

"Jibu langu ni hapana. Usiende. Umesikia?"

"Nimesikia, mathe."

"Sema nilivyosema."

"Umesema nisiende."

Ng'ambo, dereva wao akapiga honi. Kijana wangu akasimama, akavaa kofia, akachukua begi. Akazunguka meza akaja kuniinamia, kichwa chake kikagusa bega langu, nami nikamshika shingo kwa nguvu kisha nikamwachilia. Alingoja malori mawili yapite, akavuka barabara, akapanda.